UZI: Mkopo wa halmashauri wa kupunguza upotevu wa nishati nyumbani. Anza na dari, riba baadaye

Mpimajoto (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za majukumu.

Swali la kwanza la kila anayesikia mkopo huu ni "riba asilimia ngapi?" Ni swali la tatu hilo. La kwanza ni nyumba inapoteza joto wapi. La pili ni deni linakaa juu ya nani. Riba inafuata.

Kwa wageni: ni mkopo ambao jiji au halmashauri inatoa ili mwenye nyumba azibe nyufa, ahami dari na kuta (yaani aweke tabaka la kuzuia joto lisitoke), abadili boila (mtambo wa kupasha nyumba) au aweke pampu ya joto (mashine ya umeme inayovuta joto la nje na kulileta ndani). Marejesho hayaendi benki. Yanaongezwa kwenye bili ya kodi ya jengo, mstari wake peke yake, kwa miaka 10, 15 hata 20. Ukiuza nyumba, deni kisheria linabaki kwenye nyumba. Hapo ndipo penye utamu, na ndipo penye mtego.

Wazo lilishika kasi mwaka 2008. Jiji la Berkeley, California, lilifungua majaribio ya sola kwa nafasi 40, zikajaa ndani ya dakika kama 9. Lakini waliofika mwisho ni 13 tu. Riba ilikuwa asilimia 7.75, na wengi walipopiga hesabu waliona mkopo wa kawaida wenye dhamana ya nyumba unawafaa zaidi. Mwaka huohuo mji wa Babylon, jimbo la New York, ulifanya ujanja mwingine: ulitanua maana ya "taka ngumu" kwenye sheria zake ndogo ili kaboni ya nishati inayopotea majumbani ihesabike kuwa taka, ndipo ukaweza kukopesha kutoka mfuko wa taka. Toronto, Kanada, ilianza programu yake, iitwayo HELP, mwaka 2014.

Karibuni tuchambue. Naomba hesabu, tuache kaulimbiu.

---

Dari_Kwanza

Mkuu umeanza vizuri. Naweka hesabu ya nyumba ili watu waone ukubwa wa mambo.

Nyumba ya mfano: dari mita za mraba 100, ujazo wa hewa mita za ujazo 300. Eneo lenye baridi ya wastani. Chukua kila siku ya baridi, tafuta tofauti kati ya joto la nje na nyuzi 18, jumlisha ya mwaka mzima. Tuseme imefika 3,000. Zidisha kwa saa 24, gawa kwa 1,000, unapata 72. Hiyo 72 iandike pembeni, utaitumia kila mahali.

Dari yenye kihami chembamba cha sentimeta 3 hupitisha takriban wati 1 kwa kila mita ya mraba kwa kila nyuzi moja ya tofauti. Ukijaza selulosi (kihami cha karatasi iliyosagwa) hadi sentimeta 25, inashuka hadi 0.16 hivi. Tofauti ni 0.84. Kwa hiyo: 100 × 0.84 × 72 = uniti 6,048 za joto kwa mwaka.

Hewa: kipimo cha feni ya mlangoni kinavuta hewa mpaka shinikizo la ndani na la nje litofautiane kwa paskali 50, kisha kinasoma hewa ya nyumba nzima inabadilika mara ngapi kwa saa. Nyumba kuukuu hufika 10 kirahisi. Gawa kwa 20 upate makadirio ya siku ya kawaida: 0.5. Hiyo ni mita za ujazo 150 kwa saa. Kila mita ya ujazo hubeba wati-saa 0.34 kwa nyuzi moja, kwa hiyo 150 × 0.34 × 72 = uniti 3,672. Ukiziba mpaka kipimo kisome 5, umeokoa nusu: 1,836.

Jumla 7,884 za joto. Kama boila ina ufanisi wa asilimia 85, mafuta au gesi ambayo hutanunua tena ni ya uniti 9,275.

---

Kioo_Safi

Na madirisha je? Matangazo ya mikopo hii yote yana picha ya dirisha jipya.

---

Dari_Kwanza

Picha ya dari haiuzi, mkuu. Madirisha ya mita za mraba 15, yatoke kwenye vioo viwili vya kizamani (wati 2.8 kwa kipimo kilekile cha dari) yaende kwenye vioo vya kisasa (1.2): 15 × 1.6 × 72 = 1,728. Chini ya theluthi moja ya dari, na kwa kawaida ndiyo kazi ghali kuliko zote kwenye orodha. Kama fremu zimeoza, badilisha kwa sababu zimeoza. Usijidanganye kwamba mkopo utajilipa kwa bili.

---

Msumari_Mrefu

Natia neno upande wa kazi yenyewe, kwa sababu ndipo fedha za mkopo zinapozama.

Kuziba kunatangulia kuhami. Ukimwaga selulosi juu ya matundu, hewa ya ndani yenye unyevu inaendelea kupanda, inakutana na mbao za paa zilizo baridi, inageuka maji. Baada ya misimu miwili ya baridi unaona ukungu mweusi kwenye misumari, halafu mbao zinalainika. Lawama zinaenda kwa kihami, kumbe kosa ni mpangilio wa kazi.

Mahali pa kuziba, kwa uzito wake: tundu linapopita bomba la moshi (hapo ni bati na silikoni inayostahimili moto, USITIE povu), sehemu ya juu ya kuta za ndani zinapokutana na dari, mabomba ya maji taka, taa za kuzama (zilizopachikwa ndani ya dari), na mlango wa darini wenyewe. Huo mlango wa darini husahaulika sana. Ubao mtupu wa nusu mita ya mraba katikati ya dari iliyohamiwa vizuri ni kama ndoo nzima yenye tundu moja.

Mengine ya kukagua kabla gari la selulosi halijafika:

- Feni ya bafuni inatoa hewa nje kabisa, au inamwaga darini? Ikimwaga darini, rekebisha kwanza.
- Matundu ya hewa chini ya ukingo wa paa yawekewe mkondo wa karatasi ngumu au plastiki, sentimeta 3 hadi 5 za nafasi, yasizibwe na kihami.
- Taa za kuzama ambazo hazikutengenezwa kuguswa na kihami hupata moto kupita kiasi. Badilisha au ziwekee kasha.
- Waya za zamani zilizoshikwa na vigingi vya kauri hazifunikwi. Zinategemea hewa ya wazi kupoa.
- Ukiona kihami cha zamani cha chembechembe zinazong'aa kama kokoto nyepesi, ni vamikulaiti. Inaweza kuwa na asbesto. Usiiguse wala kuifagia, pima kwanza.

Na hili ni la uhai: nyumba ikishazibwa, boila au jiko linalovuta hewa ya chumbani linaweza kurudisha moshi ndani. Feni ya jikoni ikiwaka, hewa inavutwa kutoka bomba la moshi. Kaboni monoksaidi haina harufu. Kipimo cha mvuto wa moshi kifanyike siku ileile kazi inapoisha, feni zote zikiwa zimewashwa na milango ya nje imefungwa. Programu isiyodai kipimo hiki, kidai wewe.

---

Wakili_Pembeni

Nahamia kwenye deni.

Kauli ya "mkopo unafuata nyumba, haukufuati wewe" ni kweli nusu. Kwa sababu marejesho ni sehemu ya kodi ya jengo, yakichelewa yanakaa mbele ya rehani. Jengo likinadiwa, halmashauri inalipwa kwanza, benki baadaye. Benki haipendi hilo. Mwezi Julai 2010 msimamizi wa masoko ya rehani ya Marekani, FHFA, alitoa tamko dhidi ya mikopo hii, na programu nyingi za majumbani zikasimama. Fannie Mae na Freddie Mac, mashirika makubwa yanayonunua rehani kutoka kwa benki, hawanunui rehani ya nyumba yenye deni hili mbele yake. Desemba 2017 FHA, wakala wa serikali unaodhamini rehani, nao ukatangaza kuacha kudhamini rehani za nyumba hizo.

Maana yake kwa vitendo: mnunuzi anakuja, benki yake inasema "lipeni deni lote la halmashauri kwanza". Deni lililopaswa kubaki kwenye nyumba linakatwa kwenye fedha zako za mauzo. Sheria inaruhusu libaki, ila soko halikubali.

Kuna nukta moja mara nyingi inaachwa. Katika mifumo mingi, kinachokaa mbele ya rehani ni malimbikizo yaliyochelewa tu, si deni zima. Mkopo wa miaka 15 ukiwa umechelewesha mwaka mmoja, mbele ya benki ni mwaka huo mmoja. Soma mkataba uone kama ndivyo umeandikwa. Kuna mikataba inayosema ukichelewa tu, deni lote linadaiwa papo hapo. Huo uogope.

Toronto walilikabili hili mlangoni: mwenye rehani lazima alete ridhaa ya maandishi ya benki yake. Inachelewesha, inakera, na baadhi ya benki hukataa, lakini humaliza ugomvi kabla haujazaliwa.

---

Fremu_Mbili

Wakili, kwa hiyo asiye na rehani hana cha kuogopa?

---

Wakili_Pembeni

Anacho kikubwa zaidi. Asiye na rehani mara nyingi ni mzee aliyemaliza kulipa nyumba. Ana kipato kidogo, nyumba ya thamani, na anagongewa mlango na muuzaji mwenye kishikwambi cha kutia saini. Kaunti ya Los Angeles ilifunga programu yake ya majumbani mwaka 2020, baada ya malalamiko ya aina hiyo kujaa: watu waliidhinishwa kwa thamani ya nyumba, kipato hakikuangaliwa. California ilikuwa imepitisha sheria mwaka 2017 ya kulazimisha kipato kikaguliwe.

Asiyelipa kodi ya jengo, jengo hunadiwa. Deni la kadi ya benki halina mkono mrefu kiasi hicho.

---

Mhasibu_wa_Ghorofa

Sasa riba, maana naona wengine wanasubiri hapa.

Tuchukue kazi ya Dari_Kwanza, tuseme gharama yake ni 8,000 kwa sarafu yoyote mtakayo. Miaka 15, asilimia 5. Malipo kwa mwaka 771. Hesabu ya kwenye kipeperushi inaishia hapo.

Kwenye mkataba inaendelea. Ada ya usimamizi asilimia 4 inaongezwa kwenye deni: 8,320. Fundi amelipwa mwezi wa tisa, lakini bili ya kwanza ya kodi yenye mstari huo inatoka miezi 10 baadaye. Riba ya miezi hiyo inalimbikizwa: 347. Deni linaanza rasmi likiwa 8,667, na malipo ya mwaka ni 835. Hakuna aliyedanganya, ila 771 imekuwa 835 kabla hujalipa hata senti.

Ulizeni mambo mawili kwa maandishi: riba inaanza kuhesabiwa siku gani, na je, mtu anaruhusiwa kulipa ada na riba ya kusubiri taslimu ili zisiingie kwenye deni? Programu zingine zinaruhusu ila hazitangazi.

Kipimo changu: gawa malipo ya mwaka kwa uniti unazookoa. 835 ÷ 9,275 = 0.09. Kama uniti moja ya nishati yako inauzwa zaidi ya hapo, mkopo unajilipa tangu mwaka wa kwanza. Kama ni chini, unalipia starehe ya nyumba yenye joto sawasawa. Si dhambi, ila ijulikane.

---

Mpimajoto

Mhasibu, hapo kwenye 9,275 naomba upunguze. Hesabu ya kitaalamu inadhani mtu anapasha nyumba nzima nyuzi 20 saa zote. Watu hawaishi hivyo. Nyumba ikivuja, wanapasha sebule tu na kuvaa sweta. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 kuhusu nyumba za Ujerumani ulikuta matumizi halisi yako chini ya yale ya hesabu kwa wastani wa asilimia 30, na kadiri nyumba ilivyokuwa mbovu ndivyo pengo lilivyokua. Huwezi kuokoa usichokuwa unakitumia.

---

Mhasibu_wa_Ghorofa

Nakubali. Toa asilimia 30, zinabaki 6,492. Basi 835 ÷ 6,492 = 0.13. Tofauti kati ya 0.09 na 0.13 inatosha kugeuza jibu la ndiyo kuwa hapana.

Uingereza waliangukia hapohapo na Green Deal, 2013 hadi 2015. Ile haikuwa ya halmashauri, deni lilikaa kwenye mita ya umeme, lakini kanuni yao ilikuwa malipo yasizidi akiba inayokadiriwa. Neno "inayokadiriwa" lilibeba mzigo wote. Serikali iliacha kuufadhili Julai 2015.

Dawa ni rahisi: chukua bili zako za miezi 24, sio makadirio ya programu. Kama mwaka mzima unatumia uniti 14,000, mtu akikuahidi kuokoa 9,000 muulize 5,000 zinazobaki zitatosha maji ya moto na kila kitu kingine kweli?

---

Fremu_Mbili

Kuna wanaolipa kodi ya jengo kupitia benki ya rehani, inakatwa kila mwezi. Hapo inakuwaje?

---

Mhasibu_wa_Ghorofa

Hapo kuna kishindo cha mwaka wa pili. Benki inakusanya kila mwezi kwa makadirio ya kodi ya mwaka jana, ambayo haikuwa na mstari wa mkopo. Bili inakuja na 835 zaidi, benki inalipa, akaunti inakuwa na upungufu. Mwaka unaofuata inakata 69.60 kwa mwezi za mwaka huo NA 69.60 za kufidia upungufu. Mtu aliyejipanga kwa 70 anakatwa 139. Peleka nakala ya mkataba benki wiki unayosaini, waombe waanze kukata mapema.

---

Kioo_Safi

Mbona kila dirisha la maombi likifunguliwa linafungwa ndani ya miezi michache? Si wanasema mfuko unazunguka?

---

Sandukuni

Unazunguka polepole kama jiwe la kusagia. Tuseme mfuko ni milioni 2, kila nyumba inakopeshwa 20,000 kwa miaka 15, asilimia 5. Mwaka wa kwanza nyumba 100 zimepata. Kila moja inarudisha 1,927 kwa mwaka, na kati ya hizo 1,000 ni riba. Jumla inayorudi ni 192,700. Hata kama halmashauri haitoi hata senti ya riba kwa gharama za uendeshaji, inakopesha nyumba 9 mwaka unaofuata. Kutoka 100 hadi 9.

Ndiyo maana zile zinazodumu huuza hatifungani au huchukua mtaji wa nje, na mtaji wa nje hupandisha riba. Na ndiyo maana mwombaji asiye na ripoti ya ukaguzi mkononi siku dirisha linapofunguliwa huwa amekwisha chelewa. Ripoti kwanza, kisha nukuu za bei mbili au tatu, kisha ridhaa ya benki. Ukifika dirishani navyo, fomu ni ya nusu saa.

---

Msumari_Mrefu

Kwenye nukuu za bei, mkandarasi aandike vitu vinavyopimika. "Kuhami dari" haina maana. Iandikwe hivi: selulosi ya kupuliza, mita za mraba 100, kina cha sentimeta 25 baada ya kutulia, idadi ya mifuko, vijiti vya kupimia kina vimepigiliwa darini vikionekana kutoka mlangoni. Mifuko ina jedwali la eneo na kina. Ukihesabu mifuko mitupu siku ya kazi unajua kama umepunjwa. Selulosi ikipulizwa na hewa nyingi inaonekana nene siku ya kwanza, baada ya miezi inabonyea.

Kuziba nako kuandikwe kwa namba: kipimo kabla 10, lengo 5 au chini, kipimo cha pili kifanywe na mkaguzi ambaye si mkandarasi.

Malipo: sehemu ndogo ya mwanzo kwa ajili ya vifaa, iliyobaki baada ya kipimo cha pili. Programu inayomlipa mkandarasi yote kwa saini ya "kazi imekamilika" inayotiwa kwenye kishikwambi ndiyo mama wa migogoro. Hiyo saini isitiwe kabla mtu hajapanda darini na tochi.

---

Fremu_Mbili

La mwisho kutoka kwangu: pampu ya joto iingie kwenye mkopo huohuo au isubiri?

---

Dari_Kwanza

Iombee humohumo, kwa sababu ada na karatasi utalipia mara moja. Ila isinunuliwe hadi kipimo cha pili cha hewa kitoke.

Angalia: kabla ya kazi, dari ilipoteza wati 100 kwa nyuzi moja na hewa wati 51. Baada ya kazi ni 16 na 25.5. Umepunguza 109.5. Siku ya baridi kali yenye tofauti ya nyuzi 25, hiyo ni kilowati 2.7 ambazo mashine haitahitaji kutoa. Fundi akipima nyumba ya zamani atakuletea mashine kubwa. Itakuwa inawaka na kuzima kila dakika chache, inakula umeme na kuchakaza kompresa, badala ya kunguruma taratibu siku nzima ikitoa uniti 3 za joto kwa uniti 1 ya umeme.

Kwenye fomu acha mstari wa pampu ukiwa na kiwango cha juu cha fedha bila modeli. Programu nyingi huruhusu kubadilisha kifaa kabla ya malipo, mradi hujazidi kiasi kilichoidhinishwa. Na mwambie fundi umeme aangalie meni swichi kabla ya yote: ikihitaji kubadilishwa, hiyo gharama iwe ndani ya maombi, maana baada ya idhini kiasi hakiongezwi.